Besi Hii ni Orijino? Tuulize Kipande kwa Kipande

Katika matangazo ya magitaa ya mtumba hapa Stockholm, hakuna neno linalopandisha bei kama lile ambalo sisi kwetu tunalitamka "orijino". Muuzaji akiandika kwamba besi yake ni orijino ya miaka ya 1970, bei inaruka mara mbili au tatu, na mnunuzi bado anajiona mwenye bahati. Maoni yangu ni kwamba neno hilo likiachwa peke yake halimwambii mtu chochote. Gitaa la besi ni mkusanyiko wa vipande: shingo, mwili, pikapu, vitufe, daraja, skrubu na rangi. Kila kipande kina umri wake, na vipande vya gitaa moja vinaweza kuwa vimetoka nchi mbili na miongo mitatu. Anayetaka kununua kwa haki, na anayetaka kuuza kwa haki, anapaswa kujua kipi ni cha lini na ushahidi wake ni upi.

Nalileta jambo hili katika jarida letu kwa sababu mbili. Kwanza, wenzetu wanaopiga muziki wameomba chama kichange fedha za kununua besi ya mtumba, na mjadala umezaa kambi mbili: kambi ya "lazima iwe Fender ya zamani" na kambi ya "chochote chenye nyuzi nne". Pili, wengi wetu hununua ala hapa na kuzipeleka nyumbani, kwa kwaya ya kanisa, kwa bendi ya mjomba, au kwa kijana wa mtaani aliyeomba tangu mwaka juzi. Kule gitaa hupokelewa pamoja na maneno yetu. Tukisema ni Fender ya 1974, litaitwa hivyo hadi siku litakapouzwa tena, na atakayelinunua atalipa kwa neno letu.

Kabla ya kuuliza kama besi ni ya kweli, tuulize ni besi ya namna gani, maana kambi zote mbili zinasema "besi" kana kwamba ni kitu kimoja.

Besi ya umeme iliyobadilisha kazi ya wanamuziki ni Precision Bass, ambayo Leo Fender aliianza kuuza mwaka 1951 huko Fullerton, California. Kabla yake mpigaji wa besi alibeba dobo besi, chombo kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Precision ilikuwa na mwili wa mbao tupu usio na uwazi ndani, freti za kumwonyesha mpigaji mahali sahihi pa sauti, na nyuzi zenye urefu wa inchi 34, karibu sentimita 86, kutoka kichwani hadi darajani. Mwaka 1957 ilipewa pikapu iliyogawanywa vipande viwili, ambavyo waya zake zimefungwa kwa namna ya kuufuta mvumo wa umeme. Sauti yake ni nene, ya duara, na ina kitufe kimoja tu cha sauti na kimoja cha toni.

Jazz Bass ilifuata mwaka 1960. Urefu wa nyuzi ni uleule, lakini shingo yake ni nyembamba zaidi upande wa kichwani, takribani milimita 38, na ina pikapu mbili. Mpigaji anaweza kuchanganya sauti ya pikapu ya mbele na ya nyuma. Zote mbili zikifunguliwa sawa, mvumo unafutika. Akiacha moja tu, mvumo unarudi, hasa chini ya taa za ukumbini. Sauti yake inasikika kwa uwazi zaidi katika nota za juu.

StingRay ya kampuni ya Music Man ilitoka mwaka 1976, naye Leo Fender alikuwamo. Hii ina pikapu moja kubwa karibu na daraja na kikuza sauti kidogo ndani ya mwili kinachotumia betri. Ni besi yenye nguvu na makali. Betri ikifa, besi nayo inanyamaza.

Upande wa Ulaya kuna Höfner 500/1 ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1956, yenye umbo la fidla, mwili wenye uwazi ndani na nyuzi fupi za karibu inchi 30. Na kuna jirani yetu, Hagström wa Älvdalen, katika jimbo la Dalarna. Albin Hagström alianza mwaka 1925 kwa kuuza akodiani zilizotoka nje, kisha kampuni ikaanza kuziunda yenyewe, na kuanzia mwaka 1958 ikatengeneza magitaa ya umeme. Kati ya 1967 na 1969 ilitengeneza hata besi ya nyuzi nane. Kiwanda kilisimamisha kazi mwaka 1983. Besi zake nyingi za miaka ya 1960 ni za nyuzi fupi, shingo nyembamba na rahisi kushika kwa mtu mwenye vidole vifupi.

Ipi inatufaa? Hapa natoa hukumu yangu. Muziki wa dansi wa Dar es Salaam na rumba ya Kongo vina magitaa matatu yanayopishana juu: solo, solo la pili na ridhimu. Besi inayogombania nafasi huko juu inaharibu. Inatakiwa besi inayokaa chini, inayosema sentensi fupi na kunyamaza. Sikiliza besi ya Tom Malanga katika "Sina Makosa" wa Les Wanyika wa Nairobi. Anayeusikia wimbo ule hafikirii jina la mtengenezaji wa gitaa. Anasikia jinsi besi inavyowaachia wengine nafasi, halafu inarudi pale mwili unapoingojea. Kwa kazi hiyo naichagua Precision, au besi yoyote iliyojengwa kwa mfano wake. Kwa benga, ambamo besi hukimbia pamoja na solo, Jazz Bass ina faida. Kwa taarabu, ambamo besi ya umeme imerithi kazi ya dobo besi, Höfner au Hagström ya nyuzi fupi yenye nyuzi laini inatoa sauti iliyo karibu na ile ya zamani. StingRay ni nzuri, lakini kwa gitaa litakalopelekwa mahali ambapo betri nzuri ya volti 9 ni ya kutafutwa, mimi nasita.

Angalieni kwamba katika hukumu hiyo sijataja mwaka wala kiwanda. Nimetaja mwundo. Mwundo wa Precision umenakiliwa na watengenezaji wengi duniani, na nakala nyingine ni nzuri sana. Hili ndilo kosa la kambi ya Fender ya zamani: wanalipia umri wakidhani wanalipia sauti.

Sasa tuje kwenye ukweli wa chombo. Nakala iliyoandikwa jina la mtengenezaji wake mwenyewe haidanganyi mtu. Feki ni ile iliyobandikwa jina la mwingine. Katikati ya hizo mbili kuna eneo pana ambalo ndilo linalotuchanganya.

Chukua Fender yenyewe. Leo Fender aliiuza kampuni kwa CBS mwaka 1965, na mwaka 1985 ikanunuliwa na watu waliokuwa wakiifanyia kazi. Mwaka 1982 ilianzishwa Fender Japan, na baadaye kikaja kiwanda cha Ensenada, Mexico. Besi ya Japani yenye namba inayoanza na JV ni Fender halali, na wapenzi wake ni wengi. Ya Mexico yenye namba inayoanza na MN ni Fender halali vilevile. Lakini mtu akichukua shingo ya Mexico, akafuta namba yake na kuandika nyingine inayoanza na S, kama zilivyokuwa za Marekani kuanzia mwaka 1976, chombo halali kimegeuzwa kuwa uongo bila sauti yake kubadilika hata kidogo.

Hagström ana kisa chake. Jina lilifufuliwa katika miaka ya 2000, na ala nyingi za sasa zinaundwa China. Kwa hiyo "Hagström orijino" inaweza kuwa ya Älvdalen ya 1966 au ya China ya majuzi, na zote mbili zina haki ya kuitwa Hagström. Kinyume chake pia kipo: baadhi ya ala zilizoundwa Älvdalen ziliuzwa Uingereza kwa jina la Futurama. Mtu anayetazama jina la kichwani tu atakosea mara mbili, kwa kulipa zaidi kwa ile ya China na kuipita ile ya Älvdalen.

Basi tunapimaje? Nianze na lile ambalo watu huanza nalo: namba ya mfululizo. Namba ni ushahidi dhaifu kuliko zote. Katika Fender za miaka ya 1960 ilipigwa kwenye bamba la chuma nyuma ya mwili, na bamba hilo linafunguliwa kwa skrubu nne. Anayeweza kuikopa bisibisi anaweza kulihamisha.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko ndani. Ukifungua skrubu za shingo, mara nyingi utakuta kwenye kisigino chake tarehe iliyopigwa mhuri au kuandikwa kwa penseli. Ukifungua bamba la vitufe, utakuta potenshiometa, yaani kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti. Vya Kimarekani vimepigwa namba yenye maana. Ukisoma 1377633, tarakimu tatu za mwanzo, 137, ni kampuni ya CTS. 76 ni mwaka 1976. 33 ni wiki ya mwaka. Hapo utajua kwamba besi haikukamilika kabla ya Agosti 1976, kama kifaa ndicho cha tangu mwanzo. Usiisome kama cheti cha kuzaliwa, maana kiwanda huweka akiba. Fender walinunua shehena kubwa ya vifaa hivyo mwaka 1966 na wakaendelea kuvitumia kwa miaka kadhaa.

Tazama pia solda, yaani risasi iliyounganisha waya. Solda ya kiwandani ambayo haijaguswa ina rangi iliyofifia na mtiririko mmoja. Solda mpya inayong'aa inakwambia kuna kilichobadilishwa. Hilo pekee halina ubaya, kwa kuwa gitaa lililofanya kazi miaka 50 lazima litengenezwe, ila lisemwe.

Mwundo wenyewe ni shahidi mwingine. Jazz Bass ya miaka ya 1960 na ile ya katikati ya miaka ya 1970 hazifanani: pikapu ya nyuma ilisogezwa kama sentimita moja kuelekea daraja, na shingo ikaanza kushikwa kwa skrubu tatu badala ya nne. Muuzaji akikuletea "Jazz Bass ya 1964" yenye skrubu tatu, maongezi yameisha. Hata hivyo usilihamishie sheria hilo Precision, ambayo ilibaki na skrubu zake nne.

Kisha kuna uchakavu. Gitaa lililopigwa kweli huchakaa pale mwili unapoligusa: mahali pa mkono wa kulia juu ya ukingo, mahali pa kidole gumba kwenye pikapu, nyuma pale pa mkanda, na kwenye freti za mwanzo. Ukiona rangi imebanduka mahali ambapo hakuna mkono wala mkanda unaofika, huku freti zikiwa mpya, jiulize. Lakini tangu mwaka 1995 Fender wenyewe huuza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi karakanani. Kwa hiyo uchakavu ni jambo la kulinganishwa na ushahidi mwingine.

Kisha tupime kama chombo ni kizima, maana orijino mbovu ni mbovu tu. Tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kama fundi anavyotazama ubao. Jaribu kama chuma kilicho ndani ya shingo kinazunguka na kuinyoosha. Piga kila nota katika kila freti. Hili kwetu ni zito, kwa sababu nyumba za Stockholm zinapashwa moto miezi mingi na hewa yake ya baridi ni kavu. Mbao hunywea. Shingo iliyotulia Februari mjini Solna itapelekwa Tanga au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, nayo itajongea. Chuma cha ndani kikiwa kimekwama, ile Fender ya thamani itakuwa pambo la ukutani.

Baada ya chombo kuna hadithi yake. Mfano mzuri ni besi ya Höfner ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961. Iliibwa London mwaka 1972. Zaidi ya miaka 50 baadaye ikapatikana, na Februari 2024 ikatangazwa kwamba imerudi kwa mwenyewe. Sauti haikutosha kuitambua, wala neno la aliyekuwa nayo. Kampuni ya Höfner iliichunguza na kuithibitisha. Funzo kwetu ni kwamba gitaa linaweza kuwa la kweli kabisa na bado lisiwe mali ya anayeliuza. Kwa hiyo ombeni risiti, picha za zamani, jina la fundi aliyelitengeneza. Muuzaji mwaminifu hachukii maswali hayo. Anayekasirika ukimwomba afungue skrubu nne mbele yako amekwisha kukujibu.

Sheria ya hapa inatusaidia kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Tunaponunua kwa mtu binafsi, mauzo yanaongozwa na köplagen ya mwaka 1990. Wauzaji wengi huandika kwamba kitu kinauzwa i befintligt skick, yaani kama kilivyo, nasi tunadhani maneno hayo yanafuta kila dai. Kifungu cha 19 kinasema vingine: kitu kilichouzwa kama kilivyo kinahesabika kuwa na kasoro kama hakilingani na maelezo aliyoyatoa muuzaji kabla ya mauzo, nayo maelezo hayo yakamshawishi mnunuzi. Tangazo lenye neno "1974" ni maelezo. Lihifadhini. Upande wa pili, kifungu cha 20 kinatudai sisi: aliyekagua hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo alipaswa kuiona. Tukinunua dukani tunalindwa zaidi na konsumentköplagen ya 2022, ambayo inatoa miaka mitatu ya kudai kasoro.

Kwa wanaotaka kusafirisha kuna jambo moja zaidi. Hadi katikati ya miaka ya 1960 Fender nyingi zilikuwa na ubao wa vidole wa palisanda ya Brazili, mti unaolindwa kwa ukali zaidi na mkataba wa CITES tangu mwaka 1992. Ndugu zake, pamoja na mpingo wetu, waliingizwa katika orodha nyepesi zaidi mwaka 2017, na tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika za miti hiyo zimesamehewa vibali. Palisanda ya Brazili haikusamehewa. Kwa hiyo anayejivunia kupeleka Fender ya 1963 nyumbani, kama kweli ni ya 1963, inambidi kwanza atafute karatasi.

Najua nitakalojibiwa. Kambi ya "nyuzi nne" itasema: sisi tunapiga harusini, wiki ya kiwandani inatuhusu nini? Nakubaliana nao kuhusu sauti. Bendi kubwa za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970, kama NUTA Jazz na Vijana Jazz, zilipiga vyombo vya mwajiri. Mpiga besi aliyehama aliacha chombo nyuma na kuondoka na vidole vyake, na huko alikokwenda alisikika ni yuleyule. Lakini fedha za chama ni za watu wengi, na neno la chama ni la watu wengi. Tusipojua tulichonunua, hatutajua cha kumwambia atakayenunua kwetu.

Pendekezo langu ni hili. Chama kinunue besi ya mfano wa Precision, iliyo nzima, yenye jina la kweli la mtengenezaji wake, hata kama ni la Japani au Mexico au jina ambalo hakuna anayelijua. Tusilipe hata krona moja ya ziada kwa ajili ya mwaka ambao hauwezi kuonyeshwa kwenye kisigino cha shingo. Tukipata Hagström ya Älvdalen kwa bei ya mchezaji, tuichukue kama besi ya pili kwa ajili ya taarabu, maana ni ala ya nchi hii na mafundi wake bado wanaijua.

Na ndani ya kasha la kila ala inayopita mikononi mwetu tuweke karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili: shingo ni ya lini, mwili ni wa wapi, kipi kimebadilishwa na nani, tuliinunua lini na kwa kiasi gani. Mahali ambapo hatuna uhakika tuandike hivyohivyo. Gitaa likifika Mwanza au Mombasa, mpokeaji asome karatasi hiyo kabla hajafunga nyuzi. Siku akiamua kuliuza, aongeze mstari wake na kuikabidhi pamoja na kasha.